Karatasi za fedha zilizojaa nyumbani: zipi tutunze, zipi tuchane?

Mwanahesabu wa Tabata

Habari zenu wakuu.

Nafanya kazi ya hesabu na kodi hapa Dar. Swali ninaloulizwa zaidi na majirani, ndugu na wateja linahusu ile bahasha ya kaki kabatini, au lile sanduku la bati chini ya kitanda: haya makaratasi yote niyafanye nini? Wengi huamua kwa umri. Iliyochakaa inachomwa, mpya inabaki. Wengine huamua kwa sura, yenye mhuri na nembo inawekwa vizuri na kijirisiti kinatupwa. Njia zote mbili zinawaumiza watu.

Naomba tuamue kwa maswali mawili. La kwanza: nani anaweza kunidai au kunibishia kuhusu jambo hili, na je, bado ana muda wa kufanya hivyo? La pili: karatasi hii ikipotea, nyingine nitaipata wapi? Kama hakuna tena wa kubishana nawe, au unaweza kuitoa upya kwenye simu leo jioni, haina sababu ya kukaa ndani. Ila kama ipo moja tu na mtu anaweza kukubishia miaka kumi ijayo, ichukulie kama mali.

Kuna jambo linalosahaulika sana hapa. Karatasi inayofunga jambo inatakiwa kuishi muda mrefu kuliko karatasi zilizoliendesha. Mtu anakopa benki, analipa miaka mitatu, anatunza kila risiti ya rejesho kwa uaminifu. Siku anayomaliza deni anafurahi, anaondoka bila kuomba barua ya kumaliza mkopo. Baadaye anaenda kukopa kwingine, taarifa zake za mikopo zinaonyesha bado anadaiwa. Risiti zote zile hazimsaidii kama barua moja yenye mhuri inayosema deni limekwisha. Omba hiyo barua, itunze maisha yako yote. Za marejesho unaweza kuziondoa miaka sita baada ya kumaliza.

Kwa nini sita? Kwa Tanzania, Sheria ya Ukomo inatoa miaka 6 kwa madai yanayotokana na mkataba, na miaka 12 kwa madai ya kurudisha ardhi. Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya 2015 inataka kumbukumbu za kodi zitunzwe angalau miaka 5. Hizo namba tatu, 5, 6 na 12, zinakutosha kupanga sehemu kubwa ya sanduku lako.

Sasa ardhi, maana hapa ndipo fedha nyingi zinapotea. Hati miliki, barua ya toleo, leseni ya makazi, mkataba wa mauziano, risiti za pango la ardhi: hakuna hata moja ya kuchana wakati kiwanja bado ni chako. Mkataba wa mauziano uwe umelipiwa ushuru wa stempu, na uthibitisho wa malipo ukae pamoja nao, kwa sababu mkataba usiolipiwa ushuru huo haupokelewi mahakamani kama kielelezo mpaka ulipiwe.

Lakini wengi hawajui kuhusu risiti za gharama. Mkazi akiuza ardhi au jengo, kodi ya faida ni asilimia 10 ya faida yenyewe, yaani bei ya kuuzia ukiondoa ulichotumia. Asiye na kumbukumbu za gharama hulipa asilimia 3 ya thamani yote. Chukua mtu aliyenunua kiwanja kwa milioni 20, akatumia milioni 12 kujaza kifusi na kujenga ukuta, kisha akauza kwa milioni 36. Faida ni milioni 4, kodi yake shilingi 400,000. Asipokuwa na risiti za mawe, saruji, nondo na mkataba wa fundi, analipa 1,080,000. Tofauti ni shilingi 680,000, na imekaa kwenye vikaratasi ambavyo watu hufutia mikono saiti.

Kwa hiyo risiti ya saruji inaweza kuhitajika miaka ishirini, na taarifa ya benki ya mwaka jana isihitajike kabisa. Karibuni tuchangie. Kila mtu alete ya fani yake.

Bint Kilosa

Ahsante sana mkuu kwa uzi huu. Nina swali. Nimefanya kazi kiwandani miaka mingi, nina slipu za mshahara tangu nianze, zimejaa boksi zima. Kuna mwenzangu ameniambia nichome zote, eti mfuko wa jamii una kila kitu kwenye kompyuta. Ni kweli?

Katibu wa Tawi

Dada, usichome hata moja. Mimi ni kiongozi wa chama cha wafanyakazi, naomba nikujibu kwa uzito.

Kilichomo kwenye kompyuta ya mfuko ni kile mwajiri alichopeleka. Kilichomo kwenye slipu yako ni kile alichokukata. Hayo ni mambo mawili, na mara nyingine hayalingani. NSSF mchango ni asilimia 20 ya mshahara, na mwajiri haruhusiwi kukukata zaidi ya nusu yake. Akikukata asiwasilishe, slipu ndiyo inayosema kwamba fedha ilitoka mfukoni mwako. Ili upate pensheni ya uzee ya kila mwezi unahitaji michango isiyopungua miezi 180. Mtu mwenye miezi 174 kwenye mfumo na slipu sita mkononi ana pa kusimama. Mwenye miezi 174 na majivu hana.

Pamoja na slipu, weka mkataba wa ajira na barua zote za kupandishwa mshahara. Ukiachishwa kazi, lalamiko la kuachishwa isivyo haki linapelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30. Siku hizo zinaisha huku mtu anazunguka kutafuta nakala ya mkataba kwa mwajiri yuleyule anayemlalamikia.

Mwanahesabu wa Tabata

Katibu, nakubaliana nawe karibu yote. Ila naona kuna hatua ya katikati. Dada achukue taarifa ya michango kutoka kwenye mfuko, akae nayo mezani na slipu zake, alinganishe mwezi kwa mwezi. Mwezi uliolingana, slipu yake inaweza kubaki kama skani tu. Miezi yenye pengo, hizo slipu halisi zisitoke ndani mpaka pengo lizibwe kwa maandishi.

Katibu wa Tawi

Hapo sikufuati, mkuu. Mfumo unaweza kubadilika, rekodi ikahamishwa, mwezi uliokuwepo ukakosekana. Slipu za miaka thelathini zinaingia kwenye boksi moja la viatu. Hazimsumbui mtu. Akishapokea pensheni ya kwanza na hesabu imekaa sawa, ndipo azichane.

Mwalimu Mstaafu

Wanangu, namuunga mkono Katibu.

Nilifundisha shule za msingi hadi nilipofikisha miaka 60. Mfuko niliochangia ulikuwa PSPF, na Agosti 2018 ukaunganishwa na LAPF, GEPF na PPF ikawa PSSSF. Mfuko ulibadilika jina, barua zangu hazikubadilika. Wakati wa kuandaa mafao mtumishi wa umma anatakiwa kuonyesha barua ya ajira ya kwanza, barua ya kuthibitishwa kazini na barua za kupandishwa daraja. Barua ya kwanza ni ya ujanani, umeipokea ukiwa na miaka ishirini na kitu, umehama vituo, umejenga, nyumba imevuja mvua za masika. Nimewaona walimu wenzangu wakisafiri kurudi wilaya walikoanzia kazi kutafuta nakala kwenye majalada ya zamani. Wengine majalada yenyewe hayakuonekana.

Kwa kijana aliyeajiriwa mwaka huu: hiyo barua toa kopi, peleka moja kwa mzazi, halisi iwe kwenye mfuko wa plastiki usiopitisha maji, juu, mbali na mchwa.

Mwanahesabu wa Tabata

Shikamoo Mwalimu. Ahsante sana. Kwa hili la Katibu na Mwalimu nakubali: slipu zikae mpaka pensheni iingie.

Fundi Skani

Mbona mnajitesa wakuu? Simu zote zina kamera. Piga picha kila kitu, pandisha kwenye barua pepe yako, kisha chana. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inatambua kumbukumbu za kielektroniki hata mahakamani. Mimi nina steshenari, nawaskania watu kila siku, na nyumba zao zimepata nafasi.

Mwanahesabu wa Tabata

Fundi, kazi yako ni muhimu na kila mtu hapa afanye hivyo, hasa kwa risiti za EFD, yaani za zile mashine za kodi madukani. Karatasi ile haina wino, inaandikwa kwa joto. Ukiiacha kwenye dashibodi ya gari au kwenye mfuko wa plastiki laini, maandishi yanafifia na mwisho unabaki na kikaratasi cheupe. Na msizipeleke kwenye leminesheni ya moto, inageuka nyeusi yote. Toa kopi ya kawaida siku hiyohiyo, uibane na ile halisi.

Ila kutambuliwa mahakamani ni jambo moja, na uzito ni jambo jingine. Hakimu ataangalia picha ilitengenezwaje, ikatunzwaje, kama inaaminika. Kwa mkataba uliosainiwa kwa mkono, ikatokea upande wa pili anakana saini yake, mtaalamu wa maandishi anahitaji karatasi yenyewe. Hati miliki huwezi kuipeleka benki kama dhamana kwa picha. Kwa hiyo skani ni ya kila kitu, kuchana ni kwa kile ambacho kilizaliwa kwenye kompyuta: taarifa ya benki, bili, risiti ya malipo ya serikali yenye namba ya kumbukumbu. Kilichozaliwa kwa kalamu na mhuri kinabaki.

Na picha zisikae kwenye simu tu. Simu inaibiwa kituoni Mbagala, na miaka yako kumi inaondoka nayo.

Msomi wa Mkopo

Wale mliosoma chuo kwa mkopo wa Bodi ya Mikopo msisahau. Makato ni asilimia 15 ya mshahara, na tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo ilifutwa 2021, kwa hiyo wapo wenye taarifa za zamani zinazoonyesha deni kubwa kuliko la sasa. Chukueni taarifa mpya, ya zamani itunzeni mpaka mmalize. Ukimaliza, omba cheti cha kumaliza mkopo. Hicho kinaingia kwenye lile kundi la Mwanahesabu la karatasi zinazofunga jambo.

Ndugu wa Nakuru

Hamjambo nyote? Nawasoma kutoka Kenya. Kwetu pia kodi ni miaka 5, Sheria ya Taratibu za Kodi ya 2015. Fomu ya P9 unayopewa na mwajiri kila mwaka ndiyo unayojazia ritani kabla ya tarehe 30 Juni, kwa hiyo itunze hata baada ya kujaza. Na kwa mikopo mambo ni hivyohivyo: jina likiwahi kuingia CRB, ile ofisi inayokusanya taarifa za mikopo, kama mkopaji asiyelipa, taarifa hiyo inaweza kukaa miaka mitano. Cheti cha kuondolewa na barua ya aliyekukopesha zikae pamoja.

Naongeza hili. Kabla ya kuchana kitabu cha zamani cha benki, hati ya hisa au hati ya bima ya marehemu babu, Mkenya atafute jina kwenye Mamlaka ya Mali ya Fedha Isiyodaiwa, UFAA. Akaunti isiyoguswa miaka mitano, fedha zake huhamishiwa huko. Zinarudishwa kwa mwenyewe au warithi wake, lakini ni lazima mdai aonyeshe uhusiano wake na ile akaunti. Kitabu chakavu kinakuwa ndio ushahidi.

Mama Vitumbua

Wanangu, nyie mnaongea ya kutunza. Naomba niongee ya kutupa.

Mimi nauza vitumbua asubuhi na karanga jioni. Karatasi za kufungia tunanunua kwa kilo. Zinatoka maofisini, zinatoka majumbani, zinatoka dampo. Nimefungia karanga kwenye karatasi yenye jina la mtu, namba ya akaunti, mshahara wake na saini yake. Nimeona kopi za vitambulisho vya NIDA, sura ya mtu kabisa, na namba ya simu imeandikwa pembeni kwa kalamu. Siku hizi nazipitia kwanza, zenye mambo ya watu naziweka kando nazilowesha. Lakini wauzaji wako wengi na si wote wana muda huo saa kumi na moja alfajiri. Kukunja na kutupa kwenye ndoo ya taka si kuharibu. Karatasi inatoka kwako inaingia mtaani.

Bint Kilosa

Mama, hilo limenishtua kweli. Sasa mtu asiye na mashine ya kuchana karatasi afanyeje?

Mama Vitumbua

Mashine huhitaji mwanangu. Chukua beseni la kufulia, chanachana karatasi kwa mkono vipande vidogo, weka maji na sabuni kidogo, acha usiku kucha. Asubuhi vuruga kwa mwiko wa zamani hadi iwe kama uji. Kamua, tupa. Hakuna atakayesoma kitu. Kama karatasi ina saini au namba ya akaunti, hapo pachane kwanza kwa mkasi kabla ya kuloweka.

Wa kuchoma achome nje kwenye shimo, akae pale hadi iishe, maana lundo la karatasi huungua pembeni na katikati inabaki nzima. Na risiti zile laini za mashine msiwashie jiko la mkaa la kupikia. Zina kemikali, moshi wake unaingia kwenye chakula.

Mwanahesabu wa Tabata

Mama, shikamoo. Huo ndio mchango mkubwa kwenye uzi huu.

Kwa wanaotaka kununua mashine: zile za bei nafuu zinachana vipande virefu kama tambi, na mtu mwenye subira anaviunganisha. Tafuteni inayokata pande mbili, inayotoa chengachenga. Kadi ya benki iliyokwisha muda ikateni kupita katikati ya ile chipu na ule mstari mweusi wa nyuma, na vipande msivitupe siku moja.

Na kwa kuwa Mama amegusa NIDA: matapeli wanapokupigia wakijua jina lako kamili, benki yako na mahali unapofanya kazi, ndipo watu wanapowaamini. Taarifa hizo nyingine zinaokotwa tu. Piga *106# mara kwa mara uone namba za simu zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako, na ukikuta usiyoijua nenda kwa mtandao husika ikafutwe. Ofisi nazo zina wajibu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilianza kutumika Mei 2023, na ofisi inayouza makaratasi ya wateja kwa kilo inavunja sheria hiyo. Ukiacha kopi ya kitambulisho mahali, andika juu yake kwa kalamu imetolewa kwa ajili gani na tarehe. Kopi iliyoandikwa hivyo si rahisi kutumiwa kwa jambo jingine.

Mjukuu wa Songea

Wakuu, poleni na majukumu. Baba yetu amefariki mwezi uliopita. Ameacha kabati limejaa: risiti, madaftari ya madeni, taarifa za benki, vikaratasi alivyoandika kwa mkono. Shangazi anataka tusafishe chumba wiki hii. Tunaanzia wapi?

Mwanahesabu wa Tabata

Pole sana ndugu yangu, Mungu amlaze mahali pema.

Mwambie shangazi kwa heshima kwamba chumba kinaweza kusafishwa, kabati lifungwe na ufunguo akae nao mtu mmoja anayeaminika na pande zote. Kwa marehemu kanuni zote za kuchana nilizotaja zinawekwa kando kwanza. Hamjui nani alimdai wala yeye alimdai nani. Hilo daftari la madeni huenda ndilo pekee linaloonyesha kuna mtu ana ng'ombe wake au fedha zake.

Msimamizi wa mirathi akishateuliwa na mahakama, ndiye atakayefungua kabati mbele ya mashahidi. Mahakama ya Mwanzo itamtaka ajaze Fomu Namba 5 ya orodha ya mali na madeni, na baadaye Namba 6 inayoonyesha mgawanyo. Karatasi za kabati hilo ndizo zitakazojaza fomu hizo. Ya benki itaonyesha akaunti ambazo hamkuzijua, slipu zitaonyesha mfuko wa pensheni, risiti za pango la ardhi zitaonyesha viwanja. Hata bahasha tupu yenye nembo ya kampuni ya bima ni dalili ya kufuatilia. Mpaka hesabu za mwisho zipokelewe na shauri lifungwe, msichane hata kijikaratasi.

Mjukuu wa Songea

Ahsante sana kaka. Nimempigia shangazi, amekubali. Ufunguo tunampa baba mdogo.

Mwanahesabu wa Tabata

Vizuri sana, na baba mdogo aandike tarehe aliyoupokea.

Nimepata jumbe za faragha zinazouliza zipi basi zichanwe leo bila wasiwasi. Risiti za ATM na za wakala, ukishalinganisha na taarifa ya akaunti. Risiti za kawaida za LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla. Kodi ya jengo inakatwa humohumo tangu 2021, kwa hiyo mwenye mgogoro na mpangaji kuhusu nani alipe asizitupe kwanza. Bili za maji za zaidi ya mwaka mmoja ambazo hazina ubishi. Bima ya gari iliyokwisha bila ajali wala madai. Barua za benki za kukushawishi ukope, hizi zina jina na namba yako, zipite kwenye beseni la Mama. Risiti za vifaa vya nyumbani ambavyo waranti imekwisha na kifaa chenyewe hunacho tena.

Dereva wa Morogoro

Mkuu, samahani, la mwisho. Niliuza gari, kadi nimempa mnunuzi. Makaratasi yaliyobaki niyachane?

Mwanahesabu wa Tabata

Hapana mkuu. Kwanza hakikisha umiliki umehamishwa TRA na kadi mpya inasoma jina lake, maana kukabidhi kadi mkononi hakuhamishi umiliki. Mpaka hilo lifanyike, gari likigonga mtu au likidaiwa faini, jina litakaloonekana kwenye mfumo ni lako. Tunza mkataba wa mauziano, kopi ya kitambulisho cha mnunuzi, uthibitisho wa fedha ulizopokea, na kopi ya kadi mpya. Hesabu miaka sita kuanzia siku ya kuuza. Risiti za gereji na za matairi unaweza kuzichana leo.